Kitabu cha Ukoo na Majina Yasiyoandikwa

Kila Desemba, mabasi yanapoanza kupandisha watu kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma kuja Kilimanjaro, sisi wachungaji wa huku tunajua kwamba kati ya Krismasi na Mwaka Mpya hatutapumzika. Kuna ndoa, kuna ubatizo, kuna shukrani za nyumba mpya, na siku hizi kuna jambo jingine ambalo zamani halikuwa na shamrashamra hizi: mkutano mkuu wa ukoo. Turubai linafungwa, mbuzi wanachinjwa, fulana za rangi moja zimechapwa jina la babu mkuu. Mbele kabisa limetundikwa bango lenye mchoro wa ukoo, tangu yule babu aliyekuja akitokea Ukambani, au Upareni, au Taita, hadi mjukuu aliyezaliwa mwezi uliopita. Mwalimu mstaafu anatoa mada juu ya historia ya ukoo na namna alivyoichunguza. Katibu anatangaza bei ya kitabu. Kisha mshereheshaji anasema, "Baba Mchungaji, karibu utuombee na kukiweka wakfu kitabu chetu."

Nasi tunasimama, tunaomba, tunakiweka mkono, watu wanapiga vigelegele. Tunaandika haya kwa sababu vitabu hivyo tumeviombea vingi mno bila kuvisoma.

Desemba moja tulikuwa tumemaliza sala ya namna hiyo, tunaelekea kwenye chakula, tukafuatwa na mama mmoja wa makamo. Hakuwa na hasira. Alitushika mkono, akatusalimu vizuri, akauliza kama tumeuona ule mchoro. Tukamwambia tumeuona, ni kazi kubwa. Akasema, "Baba Mchungaji, mimi nilibatizwa katika kanisa hili hili. Naomba unionyeshe jina langu pale." Tulirudi naye hadi kwenye bango. Baba yake alikuwepo, mtoto wa pili wa babu fulani. Mke wa ndoa wa baba yake alikuwepo, japo kwa jina la "Mama" na jina la mwanawe wa kwanza. Ndugu zake wa kiume wanne walikuwepo na watoto wao wote. Yeye, aliyezaliwa na msichana ambaye baba yake hakumwoa, hakuwepo. Alikuwa amemuuguza baba huyo miaka yake ya mwisho, na asubuhi ile ile mchango wake ulikuwa umesomwa hadharani miongoni mwa michango mikubwa. Pesa yake ilijulikana ni ya nani. Tulimwambia tutaongea na wazee. Siku ile hatukuongea nao. Tulikula, tukaaga, tukaondoka.

Kwanza tuwaondoe wasiwasi washarika. Hatugombani na uchunguzi wa ukoo. Wapo ndugu wanaosema kutafuta nasaba ni kurudisha matambiko kwa mlango wa nyuma, na wanashika lile onyo la Paulo kwa Timotheo kuhusu nasaba zisizo na mwisho. Paulo alikuwa anakemea mabishano yasiyojenga. Kama orodha ya majina ingekuwa dhambi, tungelazimika kung'oa sura tisa za mwanzo za Mambo ya Nyakati cha Kwanza. Kijana aliyezaliwa Kinondoni, asiyejua Kichagga zaidi ya salamu, akija kuonyeshwa kihamba ambako babu wa babu yake alipanda migomba, na masale yaliyowekwa kuwa mpaka, anapata kitu ambacho mahubiri yetu hayajampa. Kwa hilo makatibu wa koo wanastahili shukrani, tena kazi yao ni ngumu na haina mshahara.

Ugomvi wetu ni na kitabu kinachosema uongo halafu kikaombewa sala.

Tazameni namna uchunguzi wenyewe unavyofanyika. Kamati ya wanaume watano inakwenda kwa wazee wanne wa kiume, wanakaa chini ya mgomba na kibuyu cha mbege, wanaulizwa majina ya baba zao na baba za baba zao. Majibu yanaandikwa kwenye daftari, daftari linapelekwa kwa mchapaji. Hawaendi jikoni. Wala hawamwendei bibi aliyeolewa ukooni akiwa na miaka kumi na minane, ambaye amezalisha nusu ya boma, na anayejua nani alizaliwa mwaka wa nzige, nani alizaliwa askari waliporudi kutoka Burma, nani alikuwa tumboni siku bendera ya Uhuru inapandishwa mwaka 1961, na nani hakuzaliwa kabisa katika nyumba inayodai kumzaa. Sisi tunaotembelea wagonjwa tunajua kumbukumbu ya ukoo inakaa wapi. Inakaa kwa wanawake. Mzee wa kiume atakupa majina saba moja kwa moja hadi kwa babu mkuu, kama anayesoma, lakini ukimwuliza dada zake walikuwa wangapi anaanza kuhesabu kwa vidole na anakosea.

Basi kitabu kinapotoka, kimekuwa mstari wa wanaume unaoshuka kama mfereji. Binti ametajwa kwa idadi tu: "alizaa watoto saba," halafu majina ni manne. Akitajwa kwa jina, mstari unakatika papo hapo, eti watoto wake ni wa ukoo mwingine. Na huko kwenye ukoo mwingine nako mama yao haandikwi, kwa kuwa alitoka nje. Kwa hesabu hiyo mwanamke wa Kilimanjaro hana kitabu hata kimoja duniani ambacho ameandikwa mzima.

Halafu wako wale wa nje ya ndoa, kama huyo mama. Na wako wengine ambao hakuna anayependa kuwataja kabisa: waliotekwa katika vita vya wamangi karne ya 19, waliouzwa au kununuliwa misafara ilipopita, watoto waliokuja wakiwa hawana mtu wakalelewa katika boma mpaka wakawa watu wa boma. Milimani Usambara, mahali paitwapo Lutindi, ambapo leo washarika wengi wanapajua kwa hospitali ya wagonjwa wa akili, palianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliotolewa utumwani. Watoto wale walikua, wakaoa na kuolewa. Wajukuu wao wamo katika sharika zetu, na baadhi yao wanakaa kimya kila mada ya ukoo inapofika kwenye swali la "babu yenu mkuu alitokea wapi." Jibu la kweli wanalo, ila wameshafundishwa kwamba jibu hilo ni aibu. Aibu kwa nani? Mtoto aliyeuzwa hakumwuza mtu.

Mtu anaweza kusema tunakuza jambo dogo. Ni karatasi tu, fulana na picha. Hapana. Mzee akifariki bila wosia, familia ikienda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi, inatakiwa kupeleka muhtasari wa kikao cha ukoo. Katika muhtasari huo ndimo yanamoandikwa majina ya watoto wa marehemu. Na wanaokaa kuuandika ni wale wale wa kamati ya kitabu, wakiwa na kitabu mezani. Tumeshaona kitabu kikifunguliwa katika kikao cha namna hiyo na mzee akiweka kidole kwenye ukurasa, "Huyu hayumo." Kitabu ambacho sisi tulikiombea! Aliyeachwa kwenye sherehe ya Desemba akaachwa tena Machi, na safari hii palikuwa na shamba.

Sheria za nchi zimekwenda mbele kuliko sisi, na hilo linapaswa kulitia kanisa haya. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti daraja la tatu katika urithi, na ardhi ya ukoo waliruhusiwa kuitumia tu, si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake, alisema ubaguzi huo haupatani na haki zilizomo katika Katiba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaweka wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kumnyima mtoto kufaidi ipasavyo mali ya mzazi wake. Jaji hakuhitaji kuvaa kanzu na stola ili aone. Sisi tunaovaa, tulikuwa wapi?

Wazee wa ukoo wakibanwa hutoa jibu moja linalosikika la kiungwana: wafu waheshimiwe, tusifukue makaburi, siri ya nyumba ifichwe. Tunaliheshimu jibu hilo kwa sababu wanaolitoa ni baba zetu, na wengi wao hawana ubaya moyoni. Lakini hebu tufungue ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya. Mathayo naye anaandika kitabu cha ukoo, tena ukoo wa kifalme. Anamtaja Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake. Anamtaja Rahabu wa Yeriko. Anamtaja Ruthu, mwanamke wa Moabu. Akifika kwa Sulemani haandiki tu kwamba alizaliwa na Daudi. Anaandika kwamba mama yake alikuwa mke wa Uria, yaani anaifungua siri kubwa ya nyumba ya Daudi mbele ya kila msomaji. Mwishoni anamtaja Mariamu, ambaye mimba yake nusura imfanye aachwe.

Hapo msomi mmoja wa kamati aliwahi kutuambia, akitabasamu, kwamba hata Mathayo aliruka majina. Ni kweli, na tulifurahi kwamba ameisoma Biblia kwa makini kuliko wengi. Kati ya Yoramu na Uzia, Mathayo amewaacha Ahazia, Yoashi na Amazia. Lakini angalieni aliowaacha ni nani: wafalme watatu. Alipohitaji nafasi aliwapunguza wakubwa, Rahabu akabaki. Kamati ikifuata mfano huo, ikamwacha diwani na mkurugenzi ili msichana aliyezaa bila ndoa apate mstari wake, sisi hatutalalamika.

Mwingine alituletea Ezra, sura ya pili, wale makuhani waliotafuta majina yao katika orodha yasionekane, wakaondolewa katika ukuhani. "Mnaona, Baba Mchungaji? Asiyeandikwa hana haki." Someni mpaka mwisho. Mtawala hakufunga mlango. Alisema wasubiri mpaka asimame kuhani wa kuuliza kwa Mungu. Na baadhi ya watu hao walikuwa wana wa Barzilai, ambao babu yao alioa mmoja wa binti za Barzilai akaitwa kwa jina la ukweni. Mwanamume aliyechukua ukoo wa mke wake, ndani ya Biblia! Jambo hilo hatujawahi kulisikia katika mada yoyote ya ukoo.

Na Yefta je? Ndugu zake walimfukuza kwa kuwa mama yake alikuwa mwanamke mwingine, wakamwambia hatarithi kitu katika nyumba ya baba yao. Waamoni walipowashambulia, wazee wa Gileadi wakafunga safari kumfuata awe jemadari wao. Tukifika hapa katika vipindi vya Biblia huwa washarika wanacheka kwa uchungu, kwa sababu kila mmoja anamjua Yefta wake: aliyekataliwa utotoni, akahangaika mjini, akafanikiwa, na sasa kamati ya ujenzi wa nyumba ya ukoo imepata namba yake ya simu.

Lakini andiko linalotusumbua zaidi ni la mabinti wa Selofehadi, Hesabu 27. Baba yao amefariki bila mtoto wa kiume. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa wanasimama mbele ya Musa na mkutano wote na kuuliza kwa nini jina la baba yao liondolewe katika jamaa yake. Musa hakuwajibu kwa desturi. Alilipeleka shauri kwa Bwana, na Bwana akasema wamenena haki. Wazee wa ukoo, kwa kuwa wazee ni wazee, walirudi tena katika sura ya 36 wakiwa na wasiwasi kuhusu ardhi kuhamia kabila jingine kwa njia ya ndoa, nao wakasikilizwa: mabinti waliambiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Hatufichi sehemu hiyo. Ila urithi wao haukuondolewa, na majina yao yote matano yanaandikwa tena pale pale, na tena katika Yoshua 17. Jamaa ile ilikuwa na hofu ya ardhi kama zetu, na bado haikuwafuta.

Tukubaliane basi kwamba jina halisi la jambo hili ni ardhi. Vihamba vimekuwa vidogo. Nusu ekari inagawanywa kwa watoto watano, na kila jina linaloongezwa kwenye kitabu linaonekana kama kigingi kinachopigwa shambani. Hofu hiyo tunaielewa. Sisi wenyewe ni watoto wa vihamba, na wadogo zetu wamekosa pa kujenga. Lakini ugumu wa kugawa shamba usijibiwe kwa kusema mtu hakuzaliwa. Kama shamba halitoshi, isemwe kwamba shamba halitoshi, na watoto wote wakae waone la kufanya.

Sasa turudi nyumbani kwetu, maana wazee wa ukoo wana haki ya kutuuliza desturi hii ilisomewa wapi. Sehemu yake ilisomewa kanisani. Fungueni daftari la zamani la ubatizo katika ofisi ya usharika wowote mkongwe. Mtoto wa ndoa ana jina la baba, jina la mama, wasimamizi, tarehe. Mtoto wa nje ana nafasi tupu pale pa baba, ingawa kijiji kizima kilimjua baba. Mama yake alitengwa, akakaa benchi la nyuma, akasubiri kurudishwa kundini mbele ya watu wote. Baba aliendelea kushiriki Meza ya Bwana, na wakati mwingine alikuwa mzee wa kanisa aliyeketi katika kikao cha kumtenga. Ile nafasi tupu ni mwandiko wa watangulizi wetu, na wengine wetu tumeiacha tupu kwa kalamu zetu wenyewe. Tukimkaripia katibu wa ukoo leo, tumkaripie tukiwa tumekiri hilo kwanza.

Na madaftari yenyewe tumeyatunza vipi? Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, kwa hiyo sharika nyingi za huku zina kumbukumbu zinazokaribia karne au zaidi. Nyaraka za misheni hiyo ziko Halle, Ujerumani, zimetunzwa vizuri, na picha zake nyingi zinaonekana kwenye intaneti. Huku kwetu mchwa wamekula miaka mizima. Tumeona daftari la ndoa limewekwa chini ya ndoo inayokinga tone la paa. Mtafiti wa ukoo anaweza kuiona sura ya babu yake kwa njia ya Ujerumani kabla hajapata tarehe ya ubatizo wa huyo babu katika kanisa analoliona kutoka dirishani kwake.

Kwa hiyo tunasema hivi kwa wachungaji wenzetu. Tusikiombee kitabu cha ukoo tusichokisoma. Orodha iletwe wiki mbili kabla. Tuilinganishe na madaftari yetu. Palipo na mtoto aliyebatizwa kwetu asiyeonekana, tuwaite wazee, tuulize kwa upole, kwenye meza na si kwenye kipaza sauti. Mshiriki akiomba kuona mahali alipoandikwa yeye, aonyeshwe siku hiyo hiyo, asiambiwe funguo iko kwa mhasibu. Hatusemi madaftari yafunguliwe kwa kila mtu. Yamo mambo ya watu walio hai, na si kila aliyeachwa anataka kuandikwa. Yupo aliyezaliwa kwa kubakwa, yupo ambaye jina la baba yake ni jeraha. Uamuzi ni wake, kamati isimwamulie, na sisi tusimwamulie. Na kwa washarika wanawake: kamati ikija kukusanya majina kwa babu, waitieni ndani wakae na bibi pia, waandike anayoyasema, na jina lake alilopewa na wazazi wake, siyo "Mama Fulani" peke yake.

Tutaambiwa tunaingilia mambo ya ukoo. Tulialikwa. Anayealikwa kuomba anayo haki ya kuuliza anaombea nini.

Yule mama tulimwendea baadaye, tumechelewa, tukaomba radhi. Alitukaribisha chai. Tulikuwa tumebeba nakala ya ukurasa wa daftari, mwaka wake, jina lake, jina la mama yake, na ile nafasi tupu. Aliitazama muda mrefu, akauliza kama peni ya leo inaweza kuandika katika daftari la zamani. Tulimweleza kwamba ingizo la zamani halifutwi wala halichakachuliwi, ila pembeni panaweza kuongezwa maelezo yenye tarehe na saini, ndugu wakikiri au mahakama ikiamua. Ndugu zake wawili kati ya wanne wamekubali kukiri. Wa tatu anasema asubiri. Wa nne hapokei simu zetu.

Mwaliko wa Desemba hii umeshafika, umechapwa vizuri, una picha ya babu mkuu. Tumemjibu katibu kwamba tutakuja kwa furaha, na tumeomba atutumie orodha. Tunaisubiri.